Kibanda cha Nailoni: Kuotesha Miche kwa Gharama Ndogo

(Haya ni mazungumzo yaliyotolewa kwa vijana na wazazi wa Laare baada ya swala ya Alasiri, siku za mwisho za Shaaban. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa, pamoja na baadhi ya maswali.)



Alhamdulillah. Wazee wetu, kina mama, na nyinyi vijana wenzangu, Ramadhani iko mlangoni na najua kila mmoja ana shughuli zake za kujiandaa, basi sitawaweka sana. Nimeombwa nizungumzie grinhausi ya bei nafuu ambayo kijana wa hapa Laare anaweza kujijengea kwa mikono yake, bila kungoja mfadhili.

Nianze kwa kuwavunja moyo kidogo. Mkisikia neno grinhausi mnaliona lile jumba la mita 8 kwa 15, nguzo zimesimama, tangi la maji juu ya mnara, mipira ya matone chini, na nyanya zimepanda kamba mpaka darini. Jumba hilo ni zuri kwa mwenye nalo. Lakini bei yake inashindana na pikipiki mpya au kuizidi, na vikundi vingi vya vijana katika Kenya hii vilivyolipata kwa mkopo au kwa msaada vimebaki na nguzo tupu na nailoni iliyochanika inapiga makofi kwa upepo. Mnajua kwa nini? Mara nyingi si uvivu, jamani, tusiwasingizie watu. Ni ugonjwa wa mnyauko wa bakteria. Unapanda nyanya mahali pamoja, msimu baada ya msimu, chini ya paa moja, na bakteria akishaingia kwenye udongo hatoki kwa miaka. Leo mmea ni mzima, kesho umelegea kama kitambaa kilicholowa, na majani bado ni ya kijani. Ukitaka kuhakikisha, kata shina, litumbukize kwenye glasi ya maji safi na usubiri dakika chache. Ukiona uzi mweupe kama maziwa unashuka kutoka penye mkato, ndiye. Na hakuna dawa ya dukani itakayokutibia hilo, hata muuzaji akikuapia.

Sasa mimi nasema hivi: kijana wa Laare hahitaji jumba. Anahitaji kibanda cha mita 3 kwa mita 1, kimo chake hakifiki kiunoni, na kazi yake ni moja tu, kuulea mmea katika wiki 4 za kwanza za maisha yake. Wiki hizo ndizo mmea unapokufa kwa urahisi, na ndizo zinazoamua kama utavuna mapema au utavuna pamoja na kila mtu, wakati nyanya zimejaa sokoni mpaka hazina mwenyewe. Baada ya hapo mche unakwenda shambani kujitafutia. Kibanda unakifungua, nailoni unaikunja, na udongo uliooteshea unautoa. Mnyauko hauna pa kukaa.

Kwa nini nayasema haya hapa na si Nkubu? Kwa sababu sisi wa Nyambene tumelelewa na mti mmoja. Sikuja kuzungumzia uhalali wa miraa, hilo mtawauliza masheikh, na najua humu ndani kuna watu ambao karo yao yote ya shule ilitoka kwenye miraa. Nasema habari ya soko tu. Januari 2013 Uholanzi iliipiga marufuku. Juni 24, 2014 Uingereza nayo ikafunga mlango. Machi 2020, wakati wa korona, Somalia ikasimamisha ndege za miraa, na mizigo haikurudi kwenda huko mpaka Julai 2022, yaani zaidi ya miaka miwili. Kila mara uamuzi ulifanywa mbali na sisi, na aliyekaa na mzigo mkononi ni mtu wa Laare, wa Mutuati, wa Maua. Sikuambii ung'oe miti ya babu yako. Nasema nyumba isiyokuwa na kitu kingine cha kupeleka sokoni siku hiyo ni nyumba iliyo katika hatari.

Na kuna jambo ambalo watu hawalitaji. Miraa haipandwi kwa mbegu. Unachukua chipukizi lililoota shinani mwa mti mkubwa, unalihamisha, basi. Ndiyo maana, kwa maoni yangu, boma nyingi hapa zina mbaine ya tangu enzi za babu wa babu lakini hazina kitalu. Ukitaka sukuma wiki unanunua miche sokoni, imefungwa mafungu, mizizi iko nje tangu alfajiri, na hujui ni mbegu gani. Kibanda hiki ni cha kuziba pengo hilo.

Tuje kwenye kazi yenyewe. Kwanza muelewe kibanda kinafanya nini, maana mwenye kuelewa hahitaji fundi. Watu husema nailoni huvuta joto. Haivuti. Jua linapita, linapasha udongo, udongo unapasha hewa iliyo juu yake, na hewa ile ingekuwa nje ingepanda na kuchukuliwa na upepo. Chini ya nailoni haina pa kwenda. Mwaka 1909 mwanafizikia Mmarekani aitwaye R. W. Wood alilijaribu hili kwa visanduku viwili juani, kimoja kimefunikwa kwa kioo, kingine kwa bamba la chumvi ya mawe, ambayo hupitisha miali ya joto ambayo kioo huizuia. Joto la ndani likawa karibu sawa. Kazi kubwa basi ilikuwa ni kuizuia hewa isiondoke. Kwetu maana yake ni mbili. Usiku, tundu la ukubwa wa ngumi linakuharibia kazi, hasa Julai na Agosti ukungu unaposhuka kutoka vilimani. Na mchana, hewa hiyo hiyo iliyofungiwa inaweza kukupikia miche. Jua la saa sita ndani ya nailoni iliyofungwa hulipandisha joto kupita digrii 40 kwa haraka, na mche wa nyanya raha yake ni kati ya 20 na 28 hivi.

Vifaa. Kata fito 5 zinazopindika bila kuvunjika, kila mmoja mita 2. Mianzi iliyopasuliwa ni mizuri sana. Matawi machanga ya mkaratusi yanafaa, au vipande vya mpira mweusi wa maji uliozeeka. Pima tuta la mita 3 kwa 1, lilale kukata mteremko ili mvua isilibebe, na kichwa chake, ule upande mwembamba, kielekee unakotoka upepo kama mahali pataruhusu. Hapa tuko karibu sana na mstari wa ikweta, jua linapita karibu utosini, kwa hiyo msisumbuke na maelezo ya vitabu vya Ulaya kuhusu upande wa kusini na kaskazini. Upepo ndio wa kuangalia. Chomeka kila ufito upande mmoja kwa kina cha sentimita 20, upinde, chomeka upande wa pili. Utapata upinde wenye kimo cha nusu mita. Acha sentimita 75 kati ya upinde na upinde. Funga ufito mmoja mrefu juu, toka wa kwanza hadi wa tano, uwe uti wa mgongo. Kazi hii ni ya asubuhi moja.

Juu ya fito hizo tandaza wavu wa kuzuia wadudu, ule wenye matundu madogo sana ambao nzi weupe hawapiti. Huyu nzi mweupe ndiye anayeleta ugonjwa wa majani ya nyanya kujikunja na kuwa manjano, na mche ukiambukizwa ukiwa mchanga hautakupa kitu. Wavu pia unamzuia yule nondo wa Tuta absoluta, aliyeingia Kenya karibu na mwaka 2014 na ambaye wakulima wa Tanzania wamempa jina la kantangaze. Wavu huu unakaa saa zote. Uzike pande tatu kwa udongo, upande wa nne ulaze chini kwa mawe ili uweze kuufunua.

Juu ya wavu ndipo inapokuja nailoni. Nunua kipande cha mita 5 chenye upana usiopungua mita 2 na robo, na umwambie muuzaji unataka ile ya grinhausi iliyotiwa dawa ya kuhimili jua. Nailoni nyeupe ya kawaida ya kufunikia vitu jua linaikausha, na baada ya msimu mmoja au miwili inavunjika kama ganda la yai. Ile ya grinhausi hukaa miaka mitatu minne juani bila kupumzika, na wewe utaitumia wiki chache tu kwa msimu kisha unaikunja na kuiweka ndani, kwa hiyo itakaa zaidi. Funga ukingo mmoja kwenye fimbo ndefu ili uweze kuiviringisha asubuhi na kuishusha jioni kama pazia. Hivyo ndivyo vitu viwili vya kununua, wavu na nailoni. Vingine vyote viko nyuma ya nyumba. Mkichanga watu watatu mkanunua roli moja mkagawana, bei inashuka tena.

Kuna wenye kuuliza joto la usiku. Chukua jerikeni kuukuu mbili tatu, zipake masizi au rangi nyeusi, zijaze maji, zilaze ndani ya kibanda kando ya miche. Maji hushika joto kuliko udongo. Yanakunywa jua mchana na kulitoa polepole usiku. Haigharimu kitu.

Udongo ndio nitakaokaa nao zaidi, maana hapa ndipo miche mingi inapofia. Changanya madebe 3 ya udongo wa juu kutoka mahali ambapo hapajapandwa nyanya, viazi, biringanya wala pilipili, madebe 2 ya samadi iliyooza kabisa, na debe 1 la mchanga. Nasema iliyooza kabisa. Samadi ambayo bado ina moto na harufu itaichoma mizizi. Jambo hili si la wazungu wala si la juzi. Ibn al-Awwam wa Seville, karne ya 12, aliandika kwa Kiarabu Kitab al-Filaha, kitabu kizima cha kilimo chenye kutaja mimea 585, na sura zake za mwanzo ni za udongo, samadi na maji, kabla hajafika kwenye mmea wowote. Mpangilio huo una akili.

Kisha uue magonjwa yaliyomo. Ukiwa na muda, lowesha udongo, ufunike kwa nailoni ile ile juani wiki 4 mpaka 6. Huna muda? Upike. Chukua pipa au sufuria kuukuu, weka maji kidogo chini, juu yake mawe na bati lililotobolewa, juu ya bati udongo ulio ndani ya gunia, funika, washa moto. Zika kiazi kimoja katikati ya udongo. Kiazi kikiiva, udongo umeiva. (Kiazi hicho msikile, kinanuka udongo.) Uache upoe usiku kucha kabla ya kusia mbegu.

Mbegu zijaribu kwanza. Weka 20 kwenye kitambaa kilicholowa, kifungie mahali pa joto. Zikiota 16 kwa wiki moja au siku kumi, sawa. Zikiota 8, usianze kumlaumu shetani, mrudishie mwenye duka. Kwa anayeanza, napendekeza nyanya za kawaida kama Cal J au Rio Grande kabla ya kujitosa kwenye mbegu za F1, ambazo bei yake utaihesabu punje kwa punje. Chora mistari kukata tuta, sentimita 10 kati ya mstari na mstari, kina cha sentimita 1, na udondoshe punje moja kila sentimita 2 au 3. Msimwage mbegu kiganjani kama mnawapa kuku. Funika kwa udongo mwembamba, tandaza nyasi kavu, mwagilia taratibu. Siku utakapoona shingo za kwanza zimetokeza, toa nyasi siku hiyo hiyo. Ukichelewa siku mbili, miche itarefuka kutafuta mwanga, itakuwa myembamba kama uzi na haitapata nguvu tena.

Kwa hesabu hiyo tuta la mita 3 linakupa miche kama 1,000. Ukipanda nyanya kwa nafasi ya sentimita 60 kwa 60, hiyo inatosha kujaza karibu sehemu ya kumi ya ekari. Ni kipande ambacho mtu wa Laare anacho hata kama shamba lote ni miraa.

Sasa ratiba ya siku, na hapa mtaniwia radhi nikitumia saa za swala, maana ndizo tunazozishika sote. Baada ya Alfajiri, mwagilia. Ramadhani mtakuwa mmeshaamka kwa daku, hamna udhuru. Asubuhi mapema nzi weupe bado wamepoa na baridi, na majani yatapata siku nzima ya kukauka. Saa tatu, viringisha nailoni, acha wavu. Baada ya Alasiri, shusha nailoni kabla jua halijapoa, ili joto la mwisho libaki ndani. Msimwagilie jioni. Jani likilala na maji, hewa ikafungwa, kesho kutwa utakuta miche imeanguka safu nzima, shina limenyongeka pale linapotoka ardhini kana kwamba limefungwa uzi. Wataalamu wa Tanzania wanauita ugonjwa huo kinyausi. Unaletwa na kuvu wanaopenda maji mengi na hewa iliyosimama. Ukiuona, toa miche iliyoanguka pamoja na udongo wake, punguza maji, fungua nailoni mapema zaidi.

Maji yenyewe ni lita 10 mpaka 15 kwa siku kwa tuta zima, jerikeni moja haiishi. Nataka niseme neno juu ya maji ya udhu. Watu ishirini wakitawadha hapa, jerikeni inajaa na kuzidi, na maji yale hayana sabuni wala chumvi. Yote yanakwenda mtaroni. Kuweka bomba la kuyakusanya kwenye pipa ni kazi ya fundi ya nusu siku. Na paa hili: kila milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita mraba 100, mvua ya milimita 10, ni karibu lita 1,000 kabla ya zile zinazopotea. Kamati ya msikiti iko hapa, imesikia.

Siku kumi za mwisho kabla ya kuhamisha, miche izoeshwe. Acha nailoni wazi mchana na usiku, punguza maji kidogo kidogo, mpaka ule mche wa kudekezwa uwe mche wa shamba. Anayeruka hatua hii anaitoa miche kwenye kivuli cha mama na kuitupa juani siku moja, halafu analaumu mbegu. Mche wa nyanya uko tayari ukiwa na majani 4 au 5 kamili na unene wa penseli, wiki 4 mpaka 5 tangu kusia. Sukuma wiki na kabichi ni wiki 4. Hamisha jioni, na siku hiyo tu mwagilieni jioni.

Na hesabu ya msimu ni hii. Mvua ndefu tunaitazamia katikati ya Machi, mvua fupi katikati ya Oktoba, na upande wetu huu wa mashariki ya Mlima Kenya ile ya Oktoba ndiyo ya kutegemewa zaidi. Mwaka 2025 Ramadhani ilianza mwanzoni mwa Machi, na mwaka 2026 katikati ya Februari. Maana yake ni kwamba kwa Ramadhani ya 2026, nyanya iliyosiwa siku ya mwandamo wa mwezi ni mche wa kuhamishwa karibu na Idi, mvua ikianza. Kitunguu na pilipili hoho ni vizito, vinataka wiki 6 mpaka 8, hivyo vyao ni mwanzoni mwa Shaaban au hata kabla. Lakini msije mkafanya jambo hili likawa desturi ya kudumu! Mwezi unarudi nyuma siku kama 11 kila mwaka, mvua hairudi nyuma. Mwaka 2030 tutafunga Ramadhani mbili, Januari na Desemba. Hesabuni kutoka kwenye mvua kwenda nyuma. Kwa msimu wa Oktoba, nyanya zisiwe zimechelewa kupita wiki ya pili ya Septemba.

Hadithi ya mtu mwenye mche mkononi mnaijua nyote, sitairudia. Tuchukue maswali.

Mama mmoja aliuliza: Mwanangu, mimi nina kuku, na nina panya. Kibanda cha chini si wataingia?

Kuku hawezi wavu ukizikwa vizuri, mama. Panya ataweza. Kwa aliye na panya, mche usikae ardhini. Tengeneza kichanja cha kimo cha kiuno, weka juu yake masanduku ya maembe au trei za mayai zilizojaa udongo ule ule, na fito zako uzifunge kwenye kichanja. Zungushia kila mguu bati lililopindwa kama faneli, panya hapandi. Trei za mayai za karatasi zina faida moja: unazikata kitundu kwa kitundu na kupanda mche pamoja na karatasi yake, mizizi haiguswi. Maganda makavu ya mgomba pia ukiyakunja yanakuwa vikopo vizuri. Hayo kila siku tunayafungia miraa.

Kijana mmoja: Mimi nakaa chumba cha kupanga hapa mjini, sina hata hatua moja ya shamba. Hii inanihusu?

Inakuhusu kuliko mwenye ekari mbili, ndugu yangu. Wewe unauza miche, si nyanya. Kichanja kimoja juu ya paa la bapa au nyuma ya nyumba, kwa idhini ya mwenye nyumba, kinakupa miche kama 1,000 kwa mwezi. Tafuta wateja kabla ya kusia: nenda kwa wakulima kumi, waulize wanataka nini na lini, andika daftarini. Mche usiokuwa na mteja ukifika wiki ya sita ni wa kutupa. Ukitaka kuingia kwenye miche ya matunda, parachichi za kupandikizwa na kadhalika, muone kwanza afisa wa kilimo, kuna habari ya kusajili kitalu. Na kile chuo cha mafunzo ya wakulima cha Kaguru karibu na Nkubu ni mahali pa kwenda kuona kwa macho.

Ukhti mmoja: Tikiti maji je? Ramadhani bei yake inapanda.

Linawezekana, lakini tikiti halipendi kuguswa mizizi. Lisie kwenye kikopo chake peke yake, punje moja au mbili, na ulihamishe mapema likiwa na majani mawili matatu. Usilisie kwenye tuta ukaling'oa. Na hapa juu kwetu ni baridi kwake. Waachie jamaa walio chini kuelekea mbuga ya Meru, wewe waotesheee miche na uwauzie. Karoti na maharagwe nayo msiyaweke kitaluni, hayo husiwa pale pale yatakapokaa.

Mzee mmoja: Miti yangu ya miraa imefunika kila mahali. Nikikiweka kibanda katikati ya mistari, si kitapata kivuli kizuri?

Hapana, mzee wangu. Mche unataka jua la saa sita kwa siku, tena lile la asubuhi hasa. Chini ya mti utarefuka na kulegea. Na ukipiga miraa dawa, matone yatashuka kwenye mboga utakayowalisha watoto. Kiweke pale unapoanikia mahindi.